Kwenda Albi, mji wa matofali mekundu juu ya mto Tarn: maswali mnayoniuliza kila kiangazi

Naishi Toulouse, na kiangazi kikikaribia tu simu zinaanza. Shangazi wa Tanga, rafiki wa Nairobi, kijana wa Bukavu anayesoma Bordeaux, wote wanauliza kitu kilekile, tukija huko kusini mwa Ufaransa twende wapi? Jibu langu halijabadilika, nendeni Albi, na mkifika mlale hukohuko. Maswali yanayofuata baada ya hapo nayo ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, mtu asome anachokihitaji.

Albi iko wapi hasa?

Kusini magharibi mwa Ufaransa, kama kilomita 75 kaskazini mashariki ya Toulouse. Ni mji wa watu kama elfu hamsini hivi, makao makuu ya mkoa wa Tarn, na mkoa wenyewe umepewa jina la mto unaopita hapo. Mji wa kale uko juu ya ukingo, mto uko chini, na karibu kila kitu unachokiona kimejengwa kwa matofali ya kuchoma, kanisa, ikulu ya maaskofu, madaraja, nyumba za watu. UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2010.

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Unaenda Paris kwanza (kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja), halafu ndege ya pili mpaka Toulouse, au treni ya haraka ya saa nne na kitu kama unataka kuiona nchi dirishani. Ukishuka uwanja wa Toulouse panda shuttle mpaka stesheni ya Matabiau, hapo unachukua treni ya mkoa, kama saa moja uko Albi na nauli haizidi euro 20. Angalizo moja, Albi kuna stesheni mbili! Shukia Albi-Ville, ndiyo iko upande wa mji wa kale, ukitembea robo saa unaliona kanisa. Ukijisahau ukashukia Albi-Madeleine sio mwisho wa dunia, uko ng'ambo ya mto tu, utavuka kwa miguu.

Wenye gari barabara ni A68, ila paki nje ya mji wa kale, zile njia za ndani ni nyembamba kama za Mji Mkongwe na nyingi haziruhusu magari.

Viza je?

Ni Schengen ya kawaida ya muda mfupi, siku 90 ndani ya siku 180, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, usisubiri wiki ya mwisho. Kama unafikia kwa ndugu na sio hotelini, huyo ndugu aende manispaa ya kwake mapema akaombe ile karatasi ya mwenyeji wanayoiita attestation d'accueil, kuna stempu ya euro 30, na inachukua muda, kwa hiyo mwambie leo.

Nusu siku inatosha? Tunataka asubuhi Albi, mchana Carcassonne.

Haitoshi. Hapa naongea kwa uchungu kabisa kwa sababu mara ya kwanza mi mwenyewe nilienda hivyo, na nilienda Jumatatu ya mwezi wa kwanza, nikakuta soko limefungwa, maduka mengi yamefungwa, kila mlango ninaoujaribu umefungwa, nikapiga picha tatu kwenye baridi nikarudi zangu Toulouse nikasema mbona mji wenyewe wa kawaida. Sikuwa nimeuona.

Tofali la Albi halina rangi moja. Asubuhi na mapema linakuwa kama waridi lililopauka, mchana jua likiwa utosini linafifia linakuwa rangi ya mchanga, jioni ndio linawaka kabisa, ule mnara upande wa magharibi unageuka kama kaa la moto linalopepewa, halafu baada ya dakika chache linazima, mto unabaki mweusi na taa za ng'ambo zinaanza kutetemeka majini. Mtu wa nusu siku anaondoka na rangi ya mchana, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Lala usiku mmoja. Ukiweza miwili, lala miwili.

Mbona kanisa lao linafanana na ngome ya vita?

Ndivyo walivyotaka lionekane. Miaka ya 1100 na 1200 huku kusini kulikuwa na Wakristo walioitwa Wakathari, waliamini ulimwengu huu wa mwili na mali sio kazi ya Mungu mwema, wakaukataa utajiri wa kanisa, wakawa na wafuasi wengi, hata baadhi ya mabwana wakubwa wakawakingia kifua. Papa Innocent III akatangaza vita vya msalaba dhidi yao, vikapiganwa kuanzia 1209 mpaka 1229, Wakristo kwa Wakristo, miji ikachomwa. Hao watu wakaitwa pia Waalbi kwa jina la mji huu, ingawa hawakuwa hapa peke yake, walikuwa wametapakaa eneo zima.

Vita vikaisha ila hofu haikuisha. Mwaka 1282 askofu Bernard de Castanet, ambaye alikuwa pia mtu wa Baraza la kuwahoji wazushi, akaanza kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Sesilia, na lilichukua karibu miaka 200 mpaka kutabarukiwa 1480. Urefu wake mita 113, upana 35, mnara mita 78, madirisha membamba yako juu huko huwezi kuyafikia, ukuta umenyooka kuanzia chini bila nakshi. Wanasema ndilo kanisa kuu la matofali lililo kubwa kuliko yote duniani. Ukisimama chini ya ule ukuta ukainua shingo unaelewa bila kuambiwa kwamba ujumbe ulikuwa kwa watu wa hapahapa mjini, kwamba sasa mjue nani ana nguvu. Na watu wa mjini walimchukia yule askofu waziwazi, wakamshtaki mpaka kwa Papa, mwishowe akahamishwa.

Udongo wa matofali ni wa kwao, kule hawana mawe mazuri karibu lakini bonde la Tarn limejaa udongo mwekundu. Ukipata nafasi weka kiganja ukutani, yale matofali ni mapana na membamba, sio kama ya kwetu, na mengine yana alama za vidole.

Ndani kuna nini, na wanalipisha?

Kuingia ni bure, ila ile sehemu ya kwaya na hazina unalipa euro chache, lipa. Watu wanabana euro zao hapo halafu wanaenda kunywa kahawa ya bei ileile nje.

Ukiingia jiandae kwa sababu nje ni jangwa na ndani ni bustani, hakuna sehemu ya ukuta iliyoachwa bila rangi. Dari lote ni buluu na dhahabu, mafundi wa Italia walilichora kati ya 1509 na 1512 na halijarudiwa rangi mpaka leo, buluu ile ni ileile. Katikati kuna pazia la mawe linalozunguka kwaya, mawe yametobolewa kama lesi ya kitambaa, na masanamu yake yana rangi, manabii wa Agano la Kale wako nje, mitume wako ndani. Kinanda kikubwa cha mabomba ni cha Christophe Moucherel, miaka ya 1730, na Sesilia mwenyewe ndiye msimamizi wa wanamuziki, kwa hiyo ukikuta kuna mtu anapiga kaa chini usikilize, ratiba nyingine itasubiri.

Sasa, ule ukuta wa magharibi chini ya kinanda. Ni mchoro wa Hukumu ya Mwisho, mkubwa ajabu, wa kati ya 1474 na 1484. Nilimpeleka mama yangu alipokuja kunitembelea, mtu wa kanisa tangu mdogo, akaweka pochi kwenye kiti akasimama pale hasemi kitu. Wafu wanafufuka uchi, na kila mmoja ana kitabu kimefunguliwa kifuani, ndio matendo yake mwenyewe, hawezi kukifunga. Chini kabisa kuna adhabu kwa kila dhambi, wenye kiburi wamefungwa kwenye magurudumu, wenye husuda wamezamishwa kwenye maji ya baridi kali, walafi wamekalishwa mezani wanalishwa vyura. Mama akaangalia kulia, akaangalia kushoto, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa Yesu wao yuko wapi?"

Hayupo. Mwishoni mwa miaka ya 1600 walibomoa katikati ya mchoro kufungua njia ya kuingia kanisa dogo lililo ndani ya mnara, na yule Kristo hakimu akaenda na kifusi. Dhambi ya uvivu nayo ilikuwa hapohapo ikapotea, ndio maana ukihesabu unapata sita badala ya saba. Mama alisikitika kweli, mpaka kwenye treni bado analiongelea. Kama una darubini ndogo njoo nayo, vitabu vile vya kifuani vina maandishi.

Na huo mto, kuna cha kufanya zaidi ya kupiga picha?

Kwanza Daraja la Kale, Pont Vieux. Lina karibu miaka 1000, lilijengwa kama mwaka 1040, mawe kwa ndani na matofali kwa nje, na bado watu wanavuka nalo kila siku wakienda kazini. Liliwaletea pesa, kila aliyevuka na mzigo alilipa ushuru. Zamani lilikuwa hata na nyumba za watu juu yake.

Picha nzuri haipatikani ukiwa juu yake, nenda lile la juu kidogo, daraja la 22 Agosti 1944, limepewa tarehe ya mapigano ya mwaka ambao mji ulikombolewa. Simama pale asubuhi, jua linakuwa nyuma yako, unapata Daraja la Kale, maji, ikulu na kanisa kwenye fremu moja.

Pili, mashua. Kuna mashua pana zenye tako bapa wanaziita gabare, zamani zilibeba mizigo kwenda mpaka Bordeaux, sasa zinabeba wageni msimu wa joto, zinaondokea chini ya ikulu ya maaskofu, safari ya kama nusu saa. Panda! Ukiwa chini majini ndio unajua mji umekaa juu kiasi gani, na unaona wazi alama ya mto kwenye kingo. Tarn unaonekana mpole ila usidanganyike, unatoka mlima Lozère kilomita nyingi juu, na mwezi wa tatu 1930 ulifurika vibaya sana, huko chini Moissac na Montauban watu wengi walikufa.

Bustani ya ikulu, inayoangalia mto, ni bure. Nendeni na mkate na jibini, mkae.

Mji mdogo hivi pesa ya kujenga yote hayo waliitoa wapi?

Sehemu kubwa ilikuwa ya maaskofu, sadaka na kodi. Ila zile nyumba nzuri za wafanyabiashara, kama Maison Enjalbert na Hôtel Reynès, ni pesa ya jani. Kuna mmea wanauita pasteli, una maua ya njano lakini majani yake yanatoa rangi ya buluu, walikuwa wanayasaga, wanayafinyanga kuwa mabonge kama ya ugali, wanayakausha, halafu yanauzwa Ulaya nzima kwa wapaka rangi vitambaa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1400 kwa kama miaka 100 hivi watu wa eneo hili walitajirika kupita kiasi. Hayo mabonge yaliitwa cocagne, na mpaka leo Wafaransa wakisema nchi ya cocagne wanamaanisha nchi ya neema tele.

Kilichowaua ni nili, pamoja na vita vyao vya dini. Njia ya bahari ilipofunguliwa, ileile aliyopita Vasco da Gama mwaka 1498 akatia nanga Mombasa na Malindi, nili ya India ikaanza kuingia Ulaya kwa meli, ina buluu kali zaidi kwa majani machache. Mi kila nikisimama mbele ya Hôtel Reynès nawaza hilo, kwamba meli zilizochukua maji na rubani pwani ya kwetu ndizo zilizofungua njia iliyokuja kufilisi watu wa hapa, na hawa na wale hawakujuana kabisa.

Makumbusho ya Toulouse-Lautrec ni ya wapenda sanaa tu?

Hapana, hata mtoto anaelewa. Henri de Toulouse-Lautrec alizaliwa Albi 1864, familia ya kikabaila, wazazi wake walikuwa mtu na binamu yake. Akiwa na miaka 13 alivunjika paja la kushoto hapahapa Albi, mwaka uliofuata la kulia, miguu haikukua tena, akabaki mfupi maisha yake yote. Akaenda Paris akachora wacheza dansi, wafua nguo, wanawake wa madanguro, na hakumchora hata mmoja kwa dharau, hilo ndilo ninalolipenda kwake. Alikufa 1901, miaka 36 tu. Kazi zake wengine hawakuzitaka, mama yake akazileta nyumbani, na tangu 1922 ziko ndani ya Palais de la Berbie, ile ikulu ya maaskofu, zaidi ya kazi 1000. Hebu fikiria, wanawake wa Moulin Rouge, ule ukumbi wa dansi wa Paris, wamekaa kwenye vyumba vya askofu.

Nimesikia kuna ramani ya zamani sana?

Ndiyo, ya karne ya 8, ni moja ya ramani kongwe kabisa za dunia zilizobaki, imechorwa kwenye ngozi, ukubwa wake kama ukurasa wa daftari, na iko maktaba ya mji. UNESCO waliiweka kwenye Kumbukumbu ya Dunia 2015. Bahari ya Kati iko katikati na Afrika ya kaskazini ipo.

Chakula? Na sisi Waislamu tutakula nini?

Muda kwanza, kwa sababu wengi wanalala njaa hapo. Mchana migahawa inapika saa sita mpaka saa nane, jioni kuanzia saa moja mpaka kama saa tatu na nusu, ukija saa tisa alasiri utaambiwa jiko limefungwa na hawatalifungua kwa ajili yako. Chagua sahani ya siku, ndiyo nafuu. Maji ya jagi ni bure, omba "une carafe d'eau", usinunue ya chupa.

Kusini magharibi ni nchi ya bata na nguruwe. Kassulé, lile bakuli la maharage meupe yaliyopikwa muda mrefu, lina bata na soseji za nguruwe. Wana figili zinazoliwa na ini la chumvi, hilo ni la nguruwe. Kwa hiyo Waislamu omba samaki, omleti, saladi ya jibini ya mbuzi, na uulize kila mara kwa sababu wanamwagia vipande vya bekoni hata kwenye majani. Wengine wote, saladi ya firigisi za bata msiikose, mtajisikia mko nyumbani. Vitamu kuna gimblette, vibiskuti vigumu vya duara vyenye tundu, vya kuchovya kwenye chai.

Soko la ndani, jengo la chuma la mwanzoni mwa miaka ya 1900, liko hatua chache nyuma ya kanisa, nenda asubuhi. Nunua kitunguu saumu cha waridi kinachotoka Lautrec hapo jirani, wanakiuza kimesukwa mafungu. Nilimpelekea jirani yangu wa Dar fungu moja akalitundika jikoni miezi, hataki kulitumia.

Kiingereza kinatosha?

Kwenye makumbusho na hotelini ndiyo, sokoni kidogo. Wakongo na Warundi nyie hamna shida. Wengine jifunzeni neno moja tu, bonjour, na mliseme kabla ya kitu chochote. Ukiingia dukani ukaanza na "how much" wanakunja uso, tunasema Wafaransa wana roho mbaya, kumbe wewe ndiye uliyeingia nyumba ya mtu bila hodi. Sisi watu wa salamu hili tunaliweza kuliko wote.

Mtu mweusi anapokelewaje?

Vizuri, kwa uzoefu wangu. Kuna chuo kikuu na kuna shule ya uhandisi, wanafunzi wa Kiafrika wapo, hawakushangai. Utaangaliwa kidogo vijijini, mara nyingi na wazee wanaotaka kukuuliza umetoka wapi na kule mnalima nini.

Msimu gani?

Mwezi wa tano, wa sita au wa tisa. Wa saba na wa nane joto ni kali na matofali yanalitunza mpaka usiku.

Nakuja na mzazi mtu mzima, ataweza?

Ataweza ila jipange. Kutoka mtoni kupanda mjini ni mlima wa kweli na chini ni mawe, viatu viwe bapa. Na kabla hujalipia chumba mji wa kale uliza mambo mawili, kuna lifti? ngazi ngapi? Sisi tulifika gesti moja nzuri sana kwenye picha, kumbe chumba kiko ghorofa ya tatu kwa ngazi za kuzunguka, mama alipanda akikaa kila baada ya ngazi kumi na mimi nyuma na sanduku lake. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza tu. Ukikosa, chukua chumba upande wa Madeleine ng'ambo ya mto, kuna sehemu nzuri, na asubuhi unafungua dirisha unauona mji wote mbele yako.

Tukibakiwa na siku?

Cordes-sur-Ciel, kama kilomita 25, mji ulioanzishwa 1222 juu ya kilima, asubuhi za vuli unaelea juu ya ukungu.

Wewe ukienda Albi unaanzia wapi?

Saint-Salvi. Ni kanisa la zamani kuliko lile kubwa, limejibana katikati ya maduka, nusu mawe meupe nusu matofali, kana kwamba fundi alibadilisha mawazo akiwa juu. Pembeni kuna kijinjia watu wanakipita bila kukiona, ukiingia unatokea kwenye ua wenye nguzo na bustani ya mboga katikati. Hakuna tiketi. Mama alikaa pale kwenye benchi akavua viatu, akatambua majani ya sage kwa harufu kabla sijamwambia, na tulikaa mpaka kengele ya jioni ikapiga.